Zidaka za Bi Mwandishi

Nilipovushwa wikio mara ya kwanza kwenda kumwamkia jirani, nilikuwa na siku kumi na moja tangu kuolewa na hina bado imekolea mikononi. Wikio ni kile chumba chembamba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Mavyaa wangu alinitangulia. Kabla hatujafika upande wa pili alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Kule usiguse kitu cha ukutani."

Nilidhani anasema sahani. Katika kila nyumba ya mawe niliyoijua pale Amu, ukuta wa chumba cha ndani ulikuwa na zidaka, yale matundu ya chokaa yaliyopangwa safu juu ya safu, na ndani yake watu waliweka sahani na mabakuli ya Kichina ili mgeni ajue amefika kwa nani. Ukuta wa jirani yetu ulikuwa na zidaka arubaini na mbili na hapakuwa na sahani hata moja. Palikuwa na vichupa, vifuu vya nazi vyenye vifuniko, makome ya baharini, vipande vya mianzi vilivyosimamishwa wima, na vifurushi vya kitambaa vilivyofungwa kwa nyuzi za rangi. Chumba kilinuka siki, karafuu na moshi wa taa.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi mkekani, ubao magotini. Hakunitazama uso. Alinitazama mikono.

"Hina hiyo imekauka?"

"Imekauka, Bi."

"Basi keti."

Watu walimwita Bi Mwandishi kwa sababu kazi yake ilikuwa kunakili misahafu, herufi kwa herufi, na kuipamba pembezoni kwa nakshi za maua na kamba. Kazi hiyo aliitoa Siyu, ambako zamani nyumba nzima nzima ziliishi kwa hiyo. Alizaliwa na nani na lini, hayo wanayo wenyewe watu wa Siyu. Mimi nilimjua kwa ukuta ule, kwa miaka tisa niliyokaa ng'ambo ya wikio, na kwa siku chache za baadaye.

Ukuta ulikuwa na mpango wake, na alinifundisha mpango huo kabla hajanifundisha kitu kingine chochote. Safu ya chini kabisa ilikuwa ya vitu vinavyomwagika: masizi aliyoyakwangua kwenye vigae juu ya taa kwa ajili ya wino mweusi, gundi ya mti, siki, maji ya mchele. Alisema vitu hivyo vikianguka, viangukie karibu. Safu za katikati zilikuwa za rangi. Nili peke yake. Nyekundu iliyotoka Bara Hindi peke yake. Kijani alikitengeneza mwenyewe kwa kufukia vipande vya shaba ndani ya siki mpaka viote kutu, kisha akaikwangua kutu ile na kuisaga. Kila rangi ilikuwa na kome lake la kukorogea, na kila kome lilichongwa alama ukingoni: alama moja nyekundu, alama mbili nili, alama tatu kijani. Juu kabisa zilikaa kalamu za matete ndani ya mianzi, zimegawanywa kwa upana wa ncha, kutoka ile nene ya majina ya sura hadi ile nyembamba ya irabu.

Karatasi haikukaa ukutani. Ukuta wa matumbawe, alisema, hunywa bahari usiku na mchana. Karatasi ilikaa ndani ya kasha, na miguu minne ya kasha ilisimama ndani ya mabakuli manne ya majivu ili mchwa na siafu wasipande. Kila baada ya karatasi ishirini aliweka kipande cha bafta chenye karafuu na kafuri. Ngozi za majalada zilining'inia peke yake kwenye ngazi, kwa sababu panya wakifuata ngozi, basi afadhali wasifuatie karatasi.

Nilianza kwa kumsagia masizi. Siku ya kwanza nilipomaliza, nilirudisha kifuu mahali pake nikageuka.

"Umetia," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimekirudisha pale pale, Bi."

"Umetia. Sikukwambia utie, nalikwambia uweke. Mtu akitia kitu, hutaka kukiondoa mkononi mwake. Akiweka, hukitazama kimekaa."

Nilirudi nikakigeuza kifuniko kikakaa sawa. Aliniacha nifanye hivyo mara tatu.

Zilikuwako siku za kila mwezi ambazo mwanamke haswali wala hagusi msahafu. Siku hizo wengine hupumzika. Yeye ndizo siku alizofanya kazi ya ukuta: aliteremsha kila kitu, akaosha makome, akachonga kalamu, akaanika rangi zilizoingia unyevu, akapangusa zidaka kwa kitambaa kikavu na kurudisha kimoja kimoja. Nilimjua alipokuwa bado katika umri huo, na nilikuwapo umri huo ulipompita. Lakini siku zile zile, kila mwezi, aliendelea kuteremsha ukuta wake kama zamani. Nilimuuliza mara moja kwa nini, maana sasa hakuna kinachomzuia kuandika. Akasema, "Ukuta haujui kuwa nimezeeka."

Mtu aliyeona ukuta ule tu angedhani nyumba nzima ilikwenda hivyo. Haikwenda hivyo hata kidogo. Jiko lake lilikuwa balaa. Wali wake uliungua chini na kubaki mbichi juu, na mara nyingi chumvi hakuiona ilipo, ingawa ilikuwa mbele yake. Pete yake ya dhahabu ilipotea ikakaa miezi mitano, ikaonekana ndani ya pakacha la vitunguu, naye hata hakuwa ameitafuta. Aliwahi kumuazima bibi arusi mmoja mkufu wake mzito, kisha akasahau ni arusi gani, na mkufu ulirudi kwa sababu wenyewe walikuwa waaminifu. Lakini kijembe chake cha kuchongea kalamu kilipokosekana siku moja, alisimamisha nyumba, akakunja mikeka, akatuuliza mmoja mmoja tulikanyaga wapi. Kilikuwa kimeshikamana na upindo wa leso yake.

Kalamu hakuiazima. Kadhi alituma mtu kuomba moja, akamjibu kwamba kadhi akitaka neno liandikwe, alete neno.

Wala hakuwa mkavu kama watu walivyosema. Alipenda umbea kupita kiasi. Dirisha lake dogo lilikuwa juu ya kichochoro, na wawili wakigombana chini, kalamu yake ilisimama hewani, kichwa kimeinama upande. Wakimaliza, aliniambia nani alikuwa na haki. Siku moja aliinuka akafungua dirisha akapaza sauti, "Mwambie la talaka ulotuambia yana!" kisha akafunga na kurudi kwenye mstari wake kana kwamba si yeye.

Mumewe alikuwa mfanyabiashara Kismayu na alikaa huko miaka yote. Katika muda wangu wote nilimwona alipokuja mara moja tu. Alilala kwenye sabule, chumba cha wageni cha juu, kama mgeni. Alileta marobota mawili ya karatasi nzuri, nzito, yenye alama za mwezi ukiiangalia mbele ya mwanga. Walizungumza kwa upole sana, wakipishana maneno kama watu walio katika nyumba ya matanga. Wanawake wa mtaani walisema amemtelekeza. Lakini kila mwaka karatasi ilikuja kutoka Kismayu, na nguo, na habari za afya yake.

Mambo mawili yalinishangaza, na miaka ilipita kabla sijaelewa kuwa ni jambo moja.

La kwanza ni chakula. Hakuruhusu kikombe, sahani wala kijiko kuingia chumba kile. Siku za Maulidi nyumba zote zilijaa wageni kutoka Pate na visiwa vya kaskazini, na mgeni wake mmoja, mke wa binamu yake, alikuwa akimlisha mtoto uji. Mtoto akalia, na yule mama akakiweka kikombe cha uji katika kidaka kilichokuwa karibu ili apate mkono wa kumbeba. Bi Mwandishi alisimama. Akakitoa kikombe, akampa mwenyewe kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Chakuya hakikai hapa, mwanangu."

"Ni dakika moya tu, Bi."

"Hata hiyo moya."

Kisha mbele ya wageni wote akateremsha kila kitu cha kidaka kile na vya jirani zake vinne, akaanza kuosha. Yule mama alichukua mtoto wake akaondoka, na wakakaa mwaka mzima hawasemezani.

La pili ni zafarani. Kila mtu anayejua kuandika huweka zafarani nyumbani, kwa ajili ya kombe. Mgonjwa akizidiwa, huandikiwa aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, na yale maji akanywa. Bi Mwandishi, mwenye mkono mzuri kuliko wote Amu, hakuwa na zafarani hata chembe. Hata ya kupikia. Rangi yake ya manjano ya nakshi ilitoka kwenye jiwe la Uajemi aliloliita zarniki. Jiwe hilo ni sumu. Alinambia siku ya kwanza kabisa na akanikumbusha kila mwezi. Lilikaa ndani ya kichupa, kichupa ndani ya kopo, kopo ndani ya bweta dogo lenye kufuli, na ufunguo ulifungwa kwenye upindo wa leso yake. Akilisaga, alilisaga peke yake, mlango umefungwa, na baadaye alikwenda mwenyewe kuosha kijiwe cha kusagia.

Mwaka wa sita wa ndoa yangu mavyaa wangu alishikwa na homa isiyoshuka. Alikuwa mwanamke mgumu kwangu, lakini alikuwa amenilea katika nyumba ile, na sikutaka afe. Siku ya nne aliomba kombe. Akasema aandikiwe na Bi Mwandishi, kwa mkono wake ule, si wa mtu mwingine. Nikachukua sahani yetu nyeupe, nikachukua zafarani yetu ndani ya kibakuli, nikavuka wikio.

Nilimkuta anapiga mistari. Nikamweleza.

"Nenda kwa mwalimu wa chuo," alisema. "Mkono wake una baraka."

"Mavyaa anautaka wako, Bi."

"Siandiki makombe."

"Ni jirani yako miaka ishirini. Hawezi hata kukaa kitako."

"Nimesikia. Siandiki."

Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya siku ile. Nilimwambia kwamba mkono wake unafanya kazi kwa wenye kununua misahafu tu, na kwamba aya ni zile zile. Nilimwambia na mengine, ambayo siyarudii. Yeye aliendelea kutazama ubao wake. Kwa hasira niliweka kibakuli cha zafarani ndani ya kidaka kilichokuwa mbele yangu, kati ya nili na nyekundu, nikasema, "Ukipata huruma, hiyo hapo," nikarudi kwetu. Mwalimu wa chuo akaandika. Mavyaa alikunywa, na siku mbili baadaye homa ilishuka. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka nyumbani, na mtaa mzima ukajua kwamba Bi Mwandishi alimnyima mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata ugomvi wetu nilivuka kuchukua kibakuli changu. Ukuta ulikuwa mtupu. Zidaka zote arubaini na mbili zilikuwa wazi, nyeupe, na vitu vyake vyote vimetandazwa mikekani mpaka mlangoni. Alikuwa ameketi katikati, ndoo ya maji kando yake, anaosha makome. Yale aliyokwisha kuosha alikuwa anayaosha tena. Kibakuli changu cha zafarani kilikuwa peke yake, mbali, juu ya kizingiti.

"Chukua kitu chako," alisema.

Nilikichukua. Sikuondoka.

"Ketini tini, Bi Arusi."

Aliniita Bi Arusi tangu siku ile ya hina, na hakuacha mpaka mwisho. Lakini hakuwahi kunambia "ketini", kama mtu anayemheshimu mgeni. Niliketi.

"Nalikuwa na binti," alisema. "Alikuwa na miaka sita. Alishikwa na homa, homa ya kawaida. Mimi nalikuwa na msahafu wa watu mkononi, nimewaahidi kwa Ramadhani, na nakshi hazijesha. Nalisaga zarniki ndani ya kikombe. Kikombe kile kile tukikorogea zafarani ya makombe, sikuwa na kingine karibu. Ikaadhiniwa. Nikakitia kidakani nikaenda kuswali."

Alisema "nikakitia", hakusema "nikakiweka".

"Mamangu alikuwa akikaa nami. Akaja kumtazama mjukuu wake. Mato yake hayakuwa mazuri tena. Akaona kikombe cha kombe, akaona manjano ndani yake. Akatwaa kalamu, akaandika sahani, akaosha kwa mai ya waridi, akamnywesha. Nalipokuja kutoka kuswali, sahani imekwisha kuoshwa. Mamangu ananiambia, nimemwandikia, sasa atalala."

"Ukafanya nini?"

"Nilimtapisha. Nilimpa maziwa. Hakuifikia Ijumaa."

Nje mtu alipita na punda kichochoroni. Tulimngoja apite.

"Na mama?" niliuliza.

"Mamangu alisema ni homa. Waoshaji walisema ni homa. Na mimi nikasema ni homa." Alichukua kome lingine. "Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Lakini yeye alikuwa mtu wa elimu, akijua kombe halikufanya kazi. Kila mwaka, mwezi ule ukifika, akiniuliza. Mwanangu, sikukosea aya? Labda niliruka neno. Nami nikimwambia, hapana mama, hukukosea."

"Hakujua mpaka mwisho?"

"Alikufa ananiuliza."

Ni mumewe tu aliyeambiwa naye kweli yote. Mume alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na hakumlaumu kwa neno lolote. Baada ya arubaini alikwenda Kismayu kwa biashara, na biashara ikamweka. Hayo aliyaeleza kwa sentensi mbili, kama anayeeleza njia ya kwenda mahali.

Tukarudisha ukuta pamoja. Ilichukua mpaka adhuhuri. Mavyaa alipopata nafuu, nilimwambia kwamba Bi Mwandishi aliwahi kuweka nadhiri ya kutoandika makombe, na kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Sikujua nadhiri kama hiyo ipo au haipo. Mavyaa alinitazama sana, kisha akanituma nimpelekee samaki. Mtaa haukusahau upesi hivyo, na wapo waliokufa wakimwita mwanamke asiye na huruma. Yeye hakujitetea kwa yeyote, wala mimi sikumtetea zaidi ya hapo, kwa kuwa sikuwa na ruhusa.

Baada ya siku ile alinipandisha daraja. Nilikuwa nasoma vizuri tangu chuoni, akanifanya msomaji wake. Msahafu ukikamilika, mtu mmoja hushika ule wa zamani ulionakiliwa, mwingine hushika mpya, na mmoja akasoma kwa sauti huku mwenzake akifuata kwa kidole, ili lolote lililoachwa lionekane. Tulisahihisha misahafu mitatu hivyo. Mikononi mwake kosa halikusamehewa. Neno likikosekana, sheria inaruhusu liandikwe pembeni mwa ukurasa kwa alama, na waandishi wengi hufanya hivyo. Yeye alitoa ukurasa mzima, akauweka pamoja na karatasi za kufukiwa, akaanza upya, nakshi na vyote.

Kisha ilikuja misahafu iliyopigwa chapa Bombay. Ilishuka bandarini kwa masanduku, na mwenye duka la kitambaa aliiuza pamoja na vitambaa. Mume wangu alinunua mmoja. Niliuvusha wikio kumwonyesha. Aliupitia kurasa nyingi, akausogeza karibu na macho, akausogeza mbali.

"Mistari imenyooka," alisema. "Hapana mtu aliyechoka humu."

Sikujua kama anasifu. Alinirudishia, na mwaka ule hakupata mteja hata mmoja. Mwaka uliofuata mume wangu alipata duka Faza, kwenye kisiwa cha Pate, nasi tukahama. Nilisikia kwamba alifunga nyumba yake ya Amu na kurudi kwao Siyu, kwa mtoto wa ndugu yake. Kisha vita vya Wajerumani vikaanza, na bidhaa nyingi zikaacha kuja, karatasi ikiwa mojawapo. Watu waliandikiana mgongoni mwa barua za zamani.

Kutoka Faza mpaka Siyu ni mwendo wa miguu wa asubuhi moja, na nikakaa miaka minne bila kwenda. Nilikuwa na watoto, na hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Nilikwenda alipotuma mtu kunambia, "Msomaji wangu aje."

Nyumba ya mpwa wake ilikuwa ya udongo na makuti, isiyo na kidaka hata kimoja. Nilimkuta chumbani, amekonda, vidole vimeanza kupinda kwenye viungo. Vitu vyake vilining'inia darini kwa kamba, ndani ya vijamanda, vile vikapu vidogo vya ukindu vyenye vifuniko: vinavyomwagika upande wa mlangoni, rangi katikati, kalamu juu ya kichwa chake, kila kimoja mahali ambapo mkono wake ulifika bila kuinuka. Manjano sikuiona. Nilipouliza, akasema alilizika lile jiwe Amu, na kwamba nakshi za msahafu huu ni za rangi tatu tu.

Alikuwa amemaliza msahafu wa mwisho. Hakuna aliyeuagiza. Ulikuwa wa wakfu, wa msikiti wa mtaani kwake, na ulikula karatasi yote ya Kismayu, mpaka ile ya mwisho. Miaka minne ile alikuwa anauandika huo.

"Umekuwa mnene, Bi Arusi."

"Nina watoto wanne, Bi."

"Alhamdulillahi. Umetawadha?"

Tukaanza siku hiyo hiyo. Safari hii alishika yeye ule wa zamani na kusoma kwa sauti, akiusogeza karibu na mwanga wa mlango, nami nikafuata mpya kwa kidole, kwa sababu irabu ndogo hakuziona sawasawa tena. Siku ya kwanza hapakuwa na kosa. Siku ya pili hapakuwa na kosa. Mkono ulikuwa ule ule, ila herufi zilikuwa zimenenepa kidogo, kama mtu anayetembea akijihadhari.

Siku ya tatu, tukiwa tumekaribia mwisho, alisoma neno na kidole changu hakikulikuta. Lilikuwa ni neno moja, mwisho wa mstari wa nne. Ukurasa ule ulikuwa na nakshi pande zote, mizabibu ya kijani na nyekundu iliyopandana mpaka pembeni, na nilijua kazi ile kwa mikono ile ilikuwa ya miezi. Nilijua pia kwamba kasha la karatasi lilikuwa tupu. Kidole changu kikasimama, kisha nikakipeleka mstari wa tano.

Aliacha kusoma.

"Kidole kimesimama."

"Hapana, Bi. Nilikuwa naona nakshi."

"Kimesimama. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nilisema. "Hukukosea."

Maneno yalitoka kabla sijayasikia. Alifunga msahafu wa zamani kwa upole, akaweka mkono juu yake. Mpwa wake alikuwa akipasua kuni uani.

"Mimi nalimwambia mamangu hivyo hivyo," alisema. "Miaka tisa. Nalidhani ni huruma."

"Haikuwa huruma?"

"Sijui. Labda ilikuwa. Lakini alikuwa akiniuliza, Bi Arusi. Mtu akiuliza miaka tisa, hataki huruma." Aliufungua tena msahafu. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia karatasi, akausoma mstari mara mbili kwa midomo tu.

"Kweli," alisema. "Halipo."

Nilianza kusema kwamba Faza kuna mtu mwenye karatasi chache, si nzuri, lakini huenda nikampata. Alitikisa kichwa. Alinyoosha mkono juu bila kutazama, akachukua kalamu nyembamba, akachukua kome lenye alama moja. Akakoroga nyekundu. Aliweka alama ndogo mwisho wa mstari wa nne, na pembeni, mahali pasipokuwa na mzabibu, aliandika lile neno lililokosekana. Kwa rangi ile, hata mtu mwenye kupita mlangoni angeliona.

"Bi, litaonekana na kila mtu atakayesoma."

"Wacha lionekane."

"Waone nini?"

"Waone kuwa palikosewa," alisema, "na kuwa paliambiwa."

Aliupepea ukurasa kwa kiganja mpaka wino ukakauka. Kisha aliutafuta mstari wa tano katika ule wa zamani, akasafisha koo na kuendelea kusoma, nami nikaendelea kufuata. Kabla ya alasiri tulifikia kosa la pili, irabu moja tu, na safari hii nilisema kabla hajaniuliza.